Msiulize Rangi: Mazungumzo ya Kidugala Kuhusu Kulanti



Nimeombwa niseme juu ya kimiminika kinachotiwa katika rejeta, kile ambacho madukani tunakiita kulanti. Vijana wa bodaboda mlioketi nyuma, najua injini zenu nyingi hupozwa na upepo tu. Hata hivyo kaeni. Anayeendesha pikipiki leo huenda mwakani akanunua Noah.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari dogo lililotumika, lililoagizwa kutoka Japani kama mengi ya yale yaliyoegeshwa hapo nje. Siku moja niliona kimiminika katika kopo la akiba kimeshuka chini ya mstari, nikaingia duka la vipuri. Muuzaji akaniuliza, “Unataka ya rangi gani?” Nami nikajibu, “Ya kijani,” kwa sababu ya kijani ndiyo iliyokuwa rahisi kwa bei. Ndani ya gari mlikuwa na ya waridi. Miezi ilipita, gari likaanza kuchemsha kwenye kila mlima. Fundi alipofungua rejeta alikuta utandu mzito unaonata, umeziba zile njia nyembamba za maji. Kufikia hapo gasketi ilikwisha kuungua na silinda hedi imepinda. Fedha nilizotoa kulisimamisha tena gari lile zingetosha kununulia madumu mengi ya kulanti iliyo sahihi. Yule muuzaji hakunidanganya. Aliniuliza swali lisilofaa, nami nikampa jibu lisilofaa.

Ndugu zangu, rangi ya kulanti ni rangi tu. Kulanti yenyewe haina rangi ya asili. Kiwanda huitia rangi ili uvujaji uonekane kwa urahisi na ili bidhaa zake zitofautiane. Hakuna sheria ya dunia nzima inayosema kijani maana yake hii na nyekundu maana yake ile. Madumu mawili ya kijani kutoka viwanda viwili yaweza kuwa na dawa zisizopatana, na dumu jekundu laweza kupatana vema na la waridi. Hata katika kampuni moja mambo hubadilika: Toyota ilitumia kwa miaka mingi kulanti nyekundu, ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 40,000 au miaka 2, kisha ikaja ile ya waridi, ambayo katika magari mengi hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000 na baadaye kila kilomita 80,000. Gari lililopita mikononi mwa watu watatu kabla ya kufika Njombe halina ushahidi wowote kwamba kilichomo ndani yake ndicho kilichotoka kiwandani.

Basi tofauti iko wapi? Sehemu kubwa ya kulanti nzuri ni maji na glaikoli. Sehemu ndogo iliyobaki ni dawa za kuzuia kutu, nazo ndizo zinazogombana. Zile za zamani hutegemea zaidi madini kama silikati. Zile za maisha marefu hutegemea asidi za kikaboni. Viwanda vya Japani, kwa jumla, hukwepa silikati, vikachanganya asidi hizo na fosfati. Viwanda vya Ulaya huikwepa fosfati, kwa kuwa maji ya sehemu nyingi za Ulaya yana chokaa, na chokaa ikikutana na fosfati hufanya magamba ndani ya injini. Malori makubwa ya dizeli, kama yanayoshusha mbao na viazi kwenda Makambako, yana mahitaji yao: katika baadhi ya injini hizo mtikisiko wa silinda huzaa vipovu vidogo vinavyotoboa chuma pole pole, na kulanti ya gari dogo haina dawa ya kutosha ya kuzuia hayo. Mwenye lori asishawishiwe na unafuu wa bei.

Najua jibu ninalopewa mara nyingi katika nyanda hizi. Watu husema, “Huku kwetu ni baridi, maji ya kisima yanatosha.” Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hali halisi ni kinyume. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 pale Dar es Salaam, usawa wa bahari. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji huchemka mapema: kwa kila mita 300 hivi, nyuzijoto moja hupungua. Katika miinuko ya kwetu, maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzijoto 93 au 94. Injini nyingi hufanya kazi kati ya 85 na 95. Maana yake ni kwamba gari lenye maji matupu na mfuniko uliochoka linapanda mlima likiwa limebakiza nafasi ndogo mno, au halina nafasi kabisa, hata kama dereva amevaa koti.

Mfuniko wa rejeta ndio unaotuokoa. Huo hubana mgandamizo ndani, na mgandamizo huo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzijoto 20 hivi. Juu yake pameandikwa namba, kama 0.9 au 1.1. Ukinunua mwingine, nunua wenye namba ileile, na usikubali kufungiwa mfuniko wowote ule kwa kuwa tu umeingia. Glaikoli nayo huongeza nyuzi kadhaa, na usiku wa Juni au Julai, umande unapoganda juu ya majani huko Makete, huzuia maji kuganda na kupasua injini. Lakini faida yake kubwa kwetu ni zile dawa za kutu zinazokuja pamoja nayo. Maji ya kisima hayana dawa hizo.

Sasa tuingie dukani. Kwanza, soma kitabu cha gari. Kama kimeandikwa Kijapani, mwombe fundi unayemwamini au wakala wa aina ya gari lako akutajie aina inayotakiwa. Pili, geuza dumu usome mgongoni. Tafuta maneno yanayotaja glaikoli, aina ya dawa, magari inayoyafaa, na kiwango ilichofikia: JIS K 2234 ni cha Japani, ASTM D3306 ni cha Marekani kwa magari madogo, na D6210 ni cha injini nzito. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Dumu lenye picha ya gari zuri na neno “coolant” peke yake, bila hata moja ya hayo, laweza kuwa maji yaliyotiwa rangi. Mliache palepale kwenye rafu.

Angalia pia kama ni kali au imekwisha kuchanganywa. Ikiandikwa “concentrate” ni kali, na inataka maji. Mara nyingi ni nusu kwa nusu. Ikiandikwa “premixed” au “ready to use”, usiongeze maji. Wako wanaojaza ile kali peke yake wakidhani wanaitendea injini wema. Glaikoli tupu hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko, na huganda mapema kuliko mchanganyiko. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Hapa hakikisha mara mbili: chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja.

Je, ukiwa na mashaka na ulichokwisha kununua? Lipo jaribio la nyumbani. Chukua kidogo cha ile iliyochanganywa tayari, au ile kali uliyoichanganya nusu kwa nusu, utie katika kichupa, ufunge vizuri, uandike SUMU, ukiweke kwenye friza mbali na chakula hadi asubuhi. Mchanganyiko wa kweli haugandi humo. Ukikuta barafu ngumu, ulinunua rangi. Jaribio hili halitakuambia kama dawa za kutu zimo, na kichupa hicho kisirudi tena jikoni.

Nimesema sumu, na sikusema kwa kutisha. Glaikoli aina ya ethilini, ambayo ndiyo iliyomo katika kulanti nyingi, ina utamu. Mtoto ataimeza, mbwa atairamba. Huanza kama ulevi, kisha huharibu figo, na kiasi kidogo huua. Msiihifadhi katika chupa za soda wala za maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Aliyekunywa apelekwe hospitali saa ileile, bila kungoja dalili, na dumu lichukuliwe ili mganga alione. Na mafundi wangu, ile ya zamani mnayoimwaga kwenye mtaro huishia bondeni, kwenye vinyungu vya mama zetu. Ikusanyeni katika dumu lenye kifuniko, na liandikwe.

Ukiuziwa maji ya rangi, usirudi nyumbani ukilaumu bahati. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Uwe na risiti, na usitupe dumu hata likiisha, maana ndilo shahidi wako mbele ya Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: gari likimchemkia usiku njiani kwenda Makambako, naye hana kulanti, afanye nini? Mzee wangu, zima injini, na usiguse mfuniko kwa nusu saa au zaidi. Mvuke wake huunguza uso. Likipoa, tia maji safi yoyote uliyo nayo, pole pole, uende taratibu ukitazama mshale wa joto. Kesho yake mwambie fundi atafute palipovuja, amwage yote, asafishe njia, ajaze upya kwa aina moja. Kisha andika jina la kulanti hiyo na tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boneti, ili atakayekuuliza rangi umwonyeshe jina.