Lita ya Mwezi wa Kumi: Nani Alipie Maji ya Nyumba Mpya?



Mtu anapojenga Dar es Salaam, jiji linaweza kumdai mambo mawili. Linaweza kumdai fedha, yaani ada ya kuchangia mitambo, matangi na mabomba makuu ambayo nyumba yake itayategemea. Linaweza pia kumwekea masharti: afunge vyoo vinavyotumia maji kidogo, avune maji ya mvua, maji ya kuogea yamwagilie bustani badala ya kwenda moja kwa moja kwenye karo. Ada ina watetezi wake na masharti yana watetezi wake, na mara nyingi wanasemezana bila kusikilizana. Msimamo wangu ni kwamba mjenzi asidaiwe mara mbili kwa lita ileile. Na lita ya kupimia deni lake iwe ya mwezi wa kumi, Mto Ruvu unapokuwa umepungua, wala si ya wastani wa mwaka.

Jiji hili linakunywa zaidi mto mmoja, Ruvu. Mtambo wa Mtoni, unaochota maji ya Mto Kizinga, ulitangulia. Ruvu Juu ukafuata mwaka 1959 na Ruvu Chini mwaka 1976. Baada ya upanuzi wa muongo uliopita, Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Wakati huohuo watu tumeongezeka: sensa ya 2012 ilituhesabu 4,364,541, na ya 2022 ikatuhesabu 5,383,728. Watu milioni moja na ushee ndani ya miaka kumi, na karibu wote wanahitaji chumba, choo na bomba.

Mwaka huohuo wa 2022 vuli ilichelewa. Kufikia Oktoba uzalishaji wa maji ya Ruvu ulikuwa umeshuka hadi takribani lita milioni 300 kwa siku, mgao ukatangazwa, na mitaa yote ikawa ya madumu na maboza. Novemba visima vya Kigamboni vikaingizwa kwenye mtandao kuokoa hali. Mnakumbuka. Lakini angalieni kilichotokea kwa jicho la mhandisi: mitambo ilikuwepo, pampu zilikuwepo, mabomba yalikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo mtoni. Kwa hiyo ada inayojenga bomba tu ingetuacha palepale, na ndiyo sababu Bwawa la Kidunda linajengwa kwenye Ruvu, lenye ujazo wa lita bilioni 190, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 300. Bwawa hilo linalipiwa na mlipakodi popote alipo, hata mkulima wa Namtumbo ambaye hatakunywa tone lake. Mwenye kujenga ghorofa kumi na mbili Upanga akiunganishiwa maji kwa bei ya bomba na kazi ya fundi tu, amebebwa na mkulima huyo. Sioni haki yoyote hapo.

Sasa masharti. Sharti linalopendwa kuliko yote ni tangi la maji ya mvua, nami nataka tulipigie hesabu pamoja kwa sababu hapa ndipo nia njema inapotupoteza. Chukueni nyumba yenye paa la mita za mraba 100. Dar es Salaam hupata mvua ya takribani milimita 1,000 kwa mwaka. Lita 100,000 zinaangukia bati; tuseme 80,000 zinafika tangini baada ya kinachomwagika na kinachovukizwa. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 60 kwa siku, inatumia lita 300 kwa siku, sawa na lita 109,500 kwa mwaka. Kwa karatasi, paa limetosheleza karibu robo tatu ya mahitaji, na mjenzi anakuja kudai apunguziwe ada kwa kiasi hicho.

Lakini masika yanaisha Mei. Familia ile ina simtanki la lita 5,000, ambalo ndilo wengi wanalomudu. Likiwa limejaa siku ya mwisho ya Mei, linakauka katikati ya Juni. Kuvuka siku 120 za kiangazi kunahitaji lita 36,000, yaani masimtanki saba ya ukubwa huo na bado hayatoshi. Oktoba ikifika, nyumba yenye tangi na nyumba isiyo na tangi zinachota Ruvu sawasawa, siku ileile, mto ukiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Na mitambo ya maji, kama zilivyo njia za umeme, hujengwa kwa kipimo cha siku ngumu. Tangi lile halikuipunguzia mamlaka ya maji hata shilingi moja ya uwekezaji wa siku hiyo.

Sisemi watu wasivune mvua. Wavune, kwa sababu maji ya paa yasiyokimbilia mtaroni ni afueni kwa wakazi wa mabonde yanayofurika, na ankara ya miezi ya mvua inashuka. Ninachokataa ni kuyahesabu kama mbadala wa ada.

Choo ni habari nyingine. Choo cha zamani kinamwaga lita tisa kila unapovuta maji, na vingine zaidi ya hapo. Choo cha vitufe viwili kinamwaga lita sita au tatu. Mtu anayevuta mara tano kwa siku anatumia lita 45 katika kile cha kwanza. Katika cha pili, akibonyeza kikubwa mara moja na kidogo mara nne, anatumia 18. Jengo la nyumba 40 zenye watu wanne wanne linaokoa lita 4,320 kwa siku. Zinaokolewa Aprili na zinaokolewa Oktoba vilevile. Hilo ndilo sharti linalostahili kupunguza ada, kwa sababu linapunguza mzigo siku ambayo mzigo unauma. Vivyo hivyo maji ya kuogea yanayorudi bustanini au chooni: watu huoga kiangazi pia, tena zaidi.

Wenzetu wamepita njia hii. California ilitunga sheria mwaka 1987 inayoitaka serikali ya mtaa ionyeshe uhusiano kati ya ada anayotozwa mjenzi na mzigo anaouleta. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la George Sheetz, aliyetaka kuweka nyumba ndogo kwenye kiwanja chake katika wilaya ya El Dorado, California, akadaiwa dola 23,420 za barabara. Mahakama ilisema kwamba ada haikwepi kupimwa uwiano eti kwa sababu imewekwa na baraza la kutunga sheria. Ile ilikuwa ada ya barabara, lakini kanuni inatufaa. Jimbo hilohilo, kwa sheria ya 2001, linaitaka miradi ya nyumba zaidi ya 500 ithibitishe kwanza kwamba maji yatakuwepo hata miaka ya ukame. Na vijumba vya nyongeza vya chini ya mita za mraba 70 hivi havitozwi ada ya mzigo kabisa.

Cape Town imetufundisha jambo gumu zaidi. Mwanzoni mwa 2018 kila mkazi aliwekewa ukomo wa lita 50 kwa siku. Watu walitii. Matumizi ya jiji, yaliyokuwa karibu lita bilioni 1.2 kwa siku mwaka 2015, yaliporomoka hadi karibu nusu bilioni. Jiji likaokoka, kisha likagundua kwamba mapato yake yameporomoka pamoja na matumizi, na Julai mwaka ule likaanzisha tozo isiyobadilika iliyofuata ukubwa wa bomba la mteja. Wananchi waliobana maji kwa uchungu wakaona wameadhibiwa, na siwalaumu. Mamlaka inayolipia mitambo yake kwa kuuza lita nyingi haiwezi kuhubiri uhifadhi kwa moyo mmoja. Gharama ya mitambo inapaswa kukaa kwenye ada, wazi, mbali na bei ya lita, ili mtu akibana maji asiwe anamnyima fundi wa mtambo mshahara.

Nije kwa wajenzi wa kwetu hasa. Mjenzi wa Chanika au Mbagala hajengi kwa mkopo wa benki. Anaweka msingi mwaka huu, mwaka ujao anasimamisha boma, anangoja, anapaua, anahamia kwenye pagala kabla ya plasta ili aepuke kodi ya nyumba. Ukimdai ada nzito wakati wa kibali cha ujenzi, hatakuja kuchukua kibali. Atajenga bila ramani iliyopitishwa, na jiji litakuwa limepoteza ada, limepoteza masharti, na limepoteza nafasi ya kumwambia asijenge bondeni. Ada yake ikusanywe siku anapofungiwa mita, kidogo kidogo ndani ya ankara, na ifuate ukubwa wa bomba. Bomba la nusu inchi kwa nyumba ndogo ya familia lisitozwe chochote zaidi ya gharama ya kuunganishwa. Sharti lake liwe moja, choo, kwa sababu linakaguliwa kwa macho mara moja. Mwenye bomba la inchi mbili alipe kikamilifu, na punguzo alipate kwa kifaa kilichofungwa na kukaguliwa. Ahadi za kwenye michoro zisimpunguzie kitu.

Mpangaji asisahauliwe. Ada ya ghorofa itaingia kwenye kodi, tena ile ya miezi sita mbele, hilo halina ubishi. Basi faida ya kubana maji nayo imfikie. Jengo lenye mita moja, ambalo mwenye nyumba anagawa ankara kwa idadi ya milango, linamnyima mpangaji mwenye uangalifu haki yake. Kila nyumba iwe na mita yake, na hilo liwe sharti la kibali kwa kila jengo jipya la kupangisha.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Mjenzi anauliza: kwa nini nilipie mtambo mpya wakati ninyi mnamwaga? Kwa miaka mingi zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa jijini yamepotea kwa mabomba yanayovuja, mita zisizosoma na wizi. Theluthi ya lita milioni 466 za Ruvu Juu na Ruvu Chini ni lita milioni 155, zinazotosha watu zaidi ya milioni mbili na nusu kwa lita 60 kila mmoja. Ana hoja. Kwa hiyo aruhusiwe kulipa ada yake kwa kukarabati bomba la mtaa anaojenga, kazi ikipimwa kwa lita zilizookolewa. Mji wa Santa Monica, kulekule California, tangu 2017 unamtaka mjenzi afidie matumizi mapya kwa kuokoa maji mahali pengine mjini. Kwetu mahali pa kuanzia hapahitaji kutafutwa, panaonekana barabarani.

Na sehemu ya ada ipande mlimani. Ruvu unazaliwa Uluguru, kwenye mashamba ya miteremko mikali. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu huko Kibungo Juu kuwalipa wakulima wanaotengeneza matuta na kupanda miti ili udongo usiporomokee mtoni, na shirika la maji la jiji likakubali kuchangia. Mradi ulikuwa na mwisho, kama miradi yote ya wafadhili. Ada ya ujenzi haina mwisho wa namna hiyo: maadamu Dar es Salaam inajenga, fedha inaingia. Napendekeza fungu lake liandikwe ndani ya kanuni ya ada yenyewe, likabidhiwe Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu pale Morogoro, na hesabu yake ibandikwe kila mwaka kwenye ofisi za serikali za mitaa huku na kwenye ofisi za vijiji kule juu, ili mjenzi na mkulima wote wawili waisome.