Kipimo cha siki: mutuele ilipe

Leo tunasema juu ya kansa ya shingo ya kizazi, na nani anapaswa kulipa ili ionekane mapema.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine kubwa. Muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, anangoja kama dakika moja, halafu anaangalia kwa macho chini ya taa. Pahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Mara nyingi panatibiwa kwa kugandishwa, na mama anarudi kwake siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupima kwenye miaka 30. Mwenye virusi vya UKIMWI, miaka 25.

Shida ni feza. Sheria ya Kongo (RDC) ya Februari 2017 iliweka kanuni za mutuele za afya, yaani mifuko ambayo wanachama wanachangia ili iwalipie matibabu, na mpango wa afya kwa wote ulizinduliwa Septemba 2023, ukianza na uzazi wa bure. Uzazi, vizuri sana! Lakini mama asiye na mimba wala maumivu, nani atamlipia? Mutuele inayongoja mpaka damu itoke italipa upasuaji na safari ndefu, kama pesa zitatosha.

Basi wanachama, kwenye mkutano mkuu ombeni kuona orodha ya huduma zinazolipiwa. Kama kipimo hakimo, ombeni kiandikwe, pamoja na matibabu ya pale pale. Na wababa, muwepo kwenye mkutano huo. Mchango wa mutuele unatoka kwenye mfuko wa nyumba nzima.