Tezi ya Thimasi na Kope Zinazolegea Jioni



Niliombwa nieleze jinsi tezi ya thimasi inavyoifundisha kinga kuuvumilia mwili wake. Mengi mnayajua, nitapita upesi. Seli changa za kinga, zitakazokuwa seli T, hutoka kwenye uboho na kuingia kwenye tezi hiyo, nyuma ya mfupa wa kidari. Huko huonyeshwa vipande vya protini za mwili, hata insulini ya kongosho, kwa kazi ya jeni AIRE iliyotambuliwa mwaka 1997. Seli T inayovishambulia kwa nguvu hufa, au hugeuzwa kuwa mtulizaji wa wenzake. Zaidi ya seli changa 9 katika kila 10 hazitoki hai. Kazi ya tezi yenyewe ilionyeshwa na Jacques Miller mwaka 1961.

Shida yangu ni kwamba tunaifundisha kama tezi ya watoto, inayosinyaa baada ya balehe, kisha tunaisahau. Mgonjwa wa miastenia, ugonjwa ambao kinga huidhoofisha misuli ya mwili wake, ndiye anayelipa.

Fundi cherehani mmoja alinifikia baada ya miezi saba ya kuzungushwa. Asubuhi alisema vizuri. Ikifika saa kumi jioni ukope wa kushoto ulifunika nusu ya mboni, sauti ikapitia puani, chai nayo ikamtokea puani. Alishapewa miwani, vitamini, akaambiwa ana mawazo. Nilitia barafu kwenye glovu, nikaiweka juu ya ukope kwa dakika mbili. Jicho likafunguka. Niliumia sana, maana barafu ile ipo kwenye kila zahanati yenye friji ya chanjo.

Kwa wagonjwa wengi wa namna hii, thimasi yenyewe ndiyo inayochochea kingamwili zinazoziba na kuharibu vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli. Wapatao 10 hadi 15 katika kila 100 wana uvimbe wa tezi hiyo. Kuiondoa huwasaidia wengi.

Bila kuingilia mamlaka ya wizara, napendekeza haya. Somo la thimasi lisiishie kwa mtoto; lifike kwa mtu mzima mwenye kope zilizolegea. Tabibu amwone mgonjwa huyo jioni, si asubuhi peke yake. Kipimo cha barafu kifundishwe kwa vitendo. Kikionyesha dalili, mgonjwa apewe rufaa, na kifua kipigwe picha ya sitiskani. Akishindwa kumeza au kuhema, asisubiri foleni wala barua.

Narudia barafu: haina gharama, na dakika mbili zinatosha. Narudia pia jioni.

La mwisho limenikosesha usingizi. Kwinini, jentamaisini, siprofloksasini na magnesiamu salfeti, dawa tunazozizoea kila siku, zinaweza kumzimia mgonjwa huyu pumzi. Majina hayo yaandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili lake, na nakala apewe yeye mwenyewe aitunze pamoja na kadi ya kliniki.