Udongo Uwahi Ungali Maji

Msikilizaji, mfikirie mvulana wa miaka 13 aliyeshikwa na simu ya wizi sokoni Karatina. Ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, viatu vimejaa tope, mikono ya sweta ya shule imefunika viganja. Tumfanyeje?

Hadi 2022, mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa kwa jinai nchini Kenya. Sheria ya Watoto ya mwaka huo ilipandisha umri hadi 12, na ikataka aliye chini ya 14 achukuliwe kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Inakataza mtoto kufungwa jela. Inafungua pia njia ya kumwepusha na kesi: aombe msamaha, alipe alichoharibu, apewe ushauri nasaha.

Eneo letu linaijua kazi hii ya kurekebisha vijana. Kambi ya Wamumu, kule Kirinyaga, ilianza 1955 wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, ikipokea vijana waliotoka vizuizini. Leo ni shule ya kurekebisha tabia, kama ile ya Othaya hapa Nyeri.

Lakini shule haimalizi kazi peke yake. Siku mtoto anaporudi nyumbani, jirani akimwita mwizi njiani na mwalimu akimfungia lango, watakaompokea ni wale wale waliomtuma kuiba.

Wazazi, machifu, viongozi wa makanisa: mfungulieni mlango. Udongo uwahi ungali maji.