Nyasi Zipimwe Kwanza

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Lawama zikawaangukia wafugaji wa Usangu, Mbeya. Mwaka 2006 na 2007 walihamishwa pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani.

Kumbe utafiti uliomalizika Usangu mwaka 2001 ulikwisha onyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda mashamba ya mpunga.

Sisemi kwato haziharibu ardhi. Ninachouliza ni hiki: malisho yale yanabeba ng'ombe wangapi mwaka wa mvua, na wangapi mwaka wa ukame? Jibu halipatikani kwa ziara ya siku moja.

Miradi ya wafadhili huisha, wataalamu wakafunga mizigo. Mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Sokoine hubaki nchini. Anahitaji pikipiki, mafuta na posho ya misimu miwili au mitatu. Halmashauri za Mbeya na Iringa, pamoja na wanaotegemea umeme wa Mtera na Kidatu, wamchangie.

Mfugaji anayehamishwa ana haki ya kuonyeshwa hesabu iliyomhamisha.