Vimondo Vinataka Waimbaji
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya sayansi na sanaa, nami nimechagua vimondo. Wengi wetu tumesikia habari za Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye tani zipatazo 16. Hicho hakihitaji msemaji. Ukubwa wake unatosha. Wasiwasi wangu ni juu ya vile vidogo.

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Kilichookotwa kilikuwa cheusi, chepesi kuvunjika, cha gramu 700 hivi tu. Lakini mawe ya namna hiyo ni adimu mno, hata wataalamu wa dunia nzima hulitaja kundi lake kwa herufi ya kwanza ya jina la Ivuna. Desemba 2020 chombo cha Wajapani kilileta mchanga kutoka sayari ndogo iitwayo Ryugu. Ulipopimwa, ulionekana kufanana na jiwe letu hilo.

Sasa, jiwe la aina hiyo likinyeshewa mvua hubomoka. Fikirini lingeanguka Kibondo mwezi huo wa Desemba, katika shamba la mihogo, pasiwe na mtu wa kulitambua. Muda si mrefu lingekuwa tope.

Nani atamweleza mkulima? Kitabu cha fizikia hakifiki kwake, wimbo unafika. Wenzetu ng'ambo wameliona hilo. Siku ya Asteroidi ilianzishwa mwaka 2014 na watu kadhaa, miongoni mwao mtengeneza filamu Grigorij Richters, mwanaanga Rusty Schweickart, na Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ambaye pia ana shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. (Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja, kwa hiyo tusijione wageni kabisa.) Umoja wa Mataifa uliikubali siku hiyo mwaka 2016, nayo ni 30 Juni.

Wala si mchezo. Tarehe 15 Februari 2013, huko Chelyabinsk, Urusi, watu waliona mwanga mkali angani, wakasogea madirishani kutazama. Kishindo kilikuja baadaye, vioo vikapasuka, na zaidi ya watu 1,000 wakaumia. Ubeti mmoja ungewafaa: ukiona mwanga, kaa mbali na dirisha.

Ombi langu ni kwamba walimu wa sayansi na kikundi cha ngoma wakae meza moja. Walimu watoe ukweli, wapiga inanga wautie katika Kiha. Walimu wasiwafundishe wapigaji kazi yao, na wapigaji wasiongeze chumvi katika hesabu. Wimbo useme: usilioshe jiwe, lifunge pakavu, shika saa na mahali lilipoangukia, kisha mpelekee habari mwenyekiti wa kijiji.

Tarehe 30 Juni mara nyingi shule huwa imefungwa. Basi wapigaji wa hapa karibu waanzie sokoni Kasulu wakati wa likizo, kisha waende Kibondo. Nauli yao ya kwenda na kurudi nitailipa mimi.