Mbwa Mnene na Mbwa Mwenye Tumbo

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, na karatasi za somo mnazo mikononi. Mimi nitasema pole pole, nanyi mfuate maneno kwa kidole.

Wengi wenu mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazee, kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika mbele ya redio kujifunza habari za chakula cha binadamu. Leo tutazungumza juu ya chakula cha mbwa.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Mbwa wa kwetu Kinjumbi ni mbavu tupu. Mbwa mnene yuko mjini!" Ni kweli, mbwa wengi wa vijijini wamekonda. Lakini fikirini. Wakati wa mahindi mbwa hulala shambani, chini ya dungu. Usiku kucha hufukuza nguruwe, na mchana hufukuza nyani. Mahindi yakisha vunwa, anarudi nyumbani. Hana kazi tena, bali chakula ni kile kile. Mama anamtupia ukoko, watoto wanamtupia matonge, na jioni anakwenda kwenye mgahawa kungojea mabaki. Baada ya miezi michache ananenepa. Msimu ukirudi, hawezi kumkimbiza nyani hata hatua hamsini.

Sasa sikilizeni mfano. Tuseme yuko mzee mmoja mwenye mbwa wawili, dume na jike. Dume ni Simba, jike ni Subira. Siku moja mzee anawatazama, anaona wote wana matumbo makubwa. Anasema, "Hawa wamenenepa mno. Kuanzia leo hakuna chakula." Je, yanatokea nini? Simba kwa njaa anaanza kuiba mayai ya jirani, na ugomvi unaingia kati ya nyumba mbili. Subira hakuwa mnene. Alikuwa na mimba. Anazaa watoto wanne, lakini maziwa hana. Watatu wanakufa. Na nguruwe wanapoingia shambani, hakuna mbwa mwenye nguvu ya kuwabwekea.

Mzee yule alikosea wapi? Alitazama kwa macho, hakupapasa kwa mkono. Tumbo kubwa si unene. Jike mwenye mimba ana tumbo, naye huichukua mimba yake kwa muda wa siku 63 hivi. Mtoto wa mbwa mwenye minyoo ana tumbo kama ngoma, na mbavu zake zinahesabika. Huyo anataka dawa ya minyoo na chakula zaidi. Ukimnyima chakula, unamwua. Na mbwa ambaye tumbo limevimba ghafula ni mgonjwa. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Basi mbwa mnene tutamjuaje? Tutamjua kwa mbavu. Fanyeni nami sasa hivi, kila mtu mahali alipokaa.

Kwanza, funga ngumi. Pitisha kidole cha mkono wa pili juu ya vifundo vya ngumi. Unagusa mifupa mitupu. Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda mno.

Pili, fungua ngumi, unyoshe mkono, kiganja kitazame chini. Pitisha kidole juu ya mgongo wa mkono. Mifupa unaisikia, ila imefunikwa kidogo. Mbavu zikiwa hivyo, mbwa ni mzima.

Tatu, geuza mkono. Papasa nyama iliyo chini ya kidole gumba. Mfupa huupati mpaka ubonyeze. Mbavu zikiwa hivyo, huyo ndiye mbwa mnene. Tena, ukimtazama kutoka juu, hana kiuno.

Mpapase mbwa wako mwenyewe anayekujua, akiwa mkavu, na mkono wako mkavu, mbali na kinywa chake. Waislamu mnajua habari ya mate ya mbwa. Wote tunajua habari ya kichaa cha mbwa.

Ukisha hakikisha kwamba ni mnene, mpunguzie chakula, usimnyime. Chukua kifuu cha nazi kiwe kipimo chake peke yake. Tuseme kwa siku anakula vifuu 10. Mpe 8, yaani 4 asubuhi na 4 jioni. Punguza ugali na wali. Dagaa usipunguze, maana ndio wanaolinda nguvu ya mwili wake. Machicha ya nazi na mafuta ya kikaangoni acha kabisa. Akionekana hashibi, mchanganyie boga au mchicha uliochemshwa bila chumvi wala vitunguu. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Maji safi yawepo saa zote.

Kisha waambie watu wote wa nyumbani. Baba akipunguza na watoto wakitupa matonge kwa siri, kazi ni bure.

Tena mbwa apate mwendo. Mtembeze alfajiri au jua likishuka. Mchana wa jua kali usimkimbize. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na mbwa mnene huzidiwa na joto upesi.

Sasa tufanye hesabu. Simama juu ya mizani ukiwa umembeba mbwa. Tuseme mizani inasoma kilo 80. Mweke chini, usimame peke yako. Inasoma kilo 60. Basi mbwa ana kilo 20. Mbwa anayepungua vizuri hupoteza sehemu 1 au 2 katika kila mia ya uzito wake kwa wiki. Kwa mbwa wa kilo 20, hiyo ni gramu 200 hadi 400. Ikiwa imempasa kupungua kilo 4, atachukua wiki 10 hadi 20. Kwa hiyo anza mapema, usingoje mahindi yachanue. Kama huna mizani, mzungushe kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, ufunge fundo. Pima tena kila baada ya wiki 2. Fundo likisogea, mnakwenda vizuri. Lisiposogea, punguza kidogo tena, au mwulize bwana mifugo.

Je, taabu hii ina faida? Huko Marekani wataalamu walichukua mbwa 48 wa aina ya Labrador, wakawagawa wawili wawili. Katika kila wawili, mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo, maisha yake yote. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Wale wa chakula pungufu waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Miaka 2 ni misimu miwili ya kulinda shamba.

Basi wanafunzi, neno la leo ni fupi. Kabla ya kupunguza chakula, papasa mbavu. Tumbo hudanganya, mbavu hazidanganyi. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini Subira hakufaa kupunguziwa chakula?
2. Mbavu za mbwa mzima hufanana na sehemu gani ya mkono?
3. Mtu na mbwa wake wana kilo 73. Mtu peke yake ana kilo 55. Mbwa ana kilo ngapi?
4. Nyumbani kwako, nani humpa mbwa chakula? Andika majina yao wote.